Foleni Iliondoka, Vifo Vikaongezeka

Mwanzoni mwa Aprili 2020 jiji la New York lilikuwa likipoteza mamia ya watu kila siku kwa korona. Malori ya friji yalikuwa yameegeshwa nje ya hospitali kuhifadhi maiti, na meli ya hospitali ya jeshi la majini ilikuwa imetia nanga Manhattan. Usiku mmoja wa siku hizo, Audi moja ilitoka katika jiji hilo ikiwa na matangi ya ziada ya mafuta, yale ya plastiki yanayotumika kwenye boti, yamefungwa kwa mikanda ndani ya buti. Ilikuwa inaelekea Redondo Beach, California, mwambao wa pili wa Marekani. Umbali ni kilomita 4,500 hivi, karibu mara nne ya kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Ilifika baada ya saa 26 na dakika 38. Gawa umbali kwa muda, pamoja na vituo vya kujaza mafuta, utapata wastani wa karibu kilomita 170 kwa saa, usiku na mchana.

Mbio hizi za kuvuka Marekani hazina ruhusa ya mtu yeyote. Zilianza mwaka 1971, na mshindi wa kwanza alitumia karibu saa 36. Kwa miongo mingi rekodi ilishuka polepole, na Novemba 2019 ilifika saa 27 na dakika 25. Halafu, ndani ya wiki chache za korona, ikavunjwa mara kadhaa. Kufikia Mei 2020 ilikuwa saa 25 na dakika 39, safari hii kwa gari lililogeuzwa sura lifanane na la polisi. Walioiendesha walikuwa wale wale walioweka rekodi ya Novemba. Ujuzi wao haukuwa umeongezeka kiasi hicho kwa nusu mwaka. Kilichobadilika ni barabara: ilikuwa nyeupe, haina magari.

Hawakuua mtu. Nawataja kwa sababu wao waliitangaza hadharani hesabu ambayo maelfu ya madereva wa kawaida waliipiga kimyakimya mwaka ule: watu wamejifungia ndani, njia iko wazi, basi nikikanyaga mafuta simdhuru yeyote isipokuwa mimi mwenyewe. Hesabu hiyo ndiyo iliyoua.

Mwaka 2019 watu 36,355 walikufa barabarani nchini Marekani. Mwaka 2020 Wamarekani walipunguza umbali wote walioendesha kwa asilimia 11 hivi. Ajali zilizoripotiwa polisi zilipungua kwa asilimia 22. Waliokufa wakawa 38,824. Soma tena namba hizo kwa pamoja: magari yalipungua, ajali zikapungua zaidi, na makaburi yakaongezeka. Kwa kila maili milioni 100 zilizoendeshwa, vifo vilipanda kutoka 1.11 hadi 1.34. Vifo vilivyohusishwa na mwendo wa kasi peke yake vilifika 11,258, ongezeko la asilimia 17 kwa mwaka mmoja.

Dalili zilionekana mapema kabisa. Kati ya Machi 19 na Aprili 19, polisi wa barabara kuu za California waliandika faini 2,493 kwa madereva waliozidi maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Mwaka mmoja kabla, katika kipindi hicho hicho, faini za namna hiyo zilikuwa 1,335. Magari barabarani yalikuwa yamepungua kwa karibu theluthi moja. Huko New York, kamera za mwendo zilinasa karibu makosa 25,000 katika siku moja ya mwisho wa Machi, takriban mara mbili ya siku ya kawaida ya mwezi uliotangulia, wakati mitaa ilikuwa haina watu.

Kwa nini ajali zipungue na vifo viongezeke? Jibu la kwanza ni la fizikia, na halina mjadala. Nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo. Gari linalokwenda kilomita 120 kwa saa halibebi nguvu mara moja na nusu ya lile la kilomita 80. Linabeba zaidi ya mara mbili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1 tu, ajali zenye kuua hupanda kwa asilimia 4 hivi. Kwa hiyo unaweza kuondoa migongano midogo mingi ya kwenye foleni, ile ya kuvunjiana taa na kukunjana bampa, ukabakiwa na michache ambayo hakuna anayetoka mzima.

Jibu la pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linatuhusu hata siku isiyo na janga lolote. Mjini, dereva anayetaka kukimbia hazuiwi na kibao cha kilomita 50. Anazuiwa na gari lililo mbele yake. Foleni tunayoilaani kila jioni ndiyo ilikuwa ikishusha mwendo wa jiji zima, na serikali zilijisifu kwa usalama ambao hazikuujenga. Foleni ilipoondoka, barabara ikaonekana ilivyo kweli: pana, iliyonyooka, bila kitu kinachomfanya dereva aone haja ya kuondoa mguu kwenye mafuta.

Na Marekani imejenga barabara za namna hiyo kwa makusudi. Njia moja ya gari hupewa upana wa mita 3.6, sawa na ya barabara kuu, hata inapopita katikati ya maduka na vituo vya basi. Mhandisi husanifu kwa mwendo mkubwa kuliko ule atakaouandika kwenye kibao, akiamini anaongeza usalama kwa kumwachia dereva nafasi ya kukosea. Dereva huisoma nafasi hiyo kama mwaliko. Tena kuna desturi ya kupanga kikomo cha mwendo kwa kupima magari yanayopita barabara ikiwa wazi, kisha kuchukua mwendo ambao asilimia 85 ya madereva hawauzidi. Maana yake ni kwamba wakikimbia wengi vya kutosha, sheria inawafuata wao. Mtoto anayevuka kwenda shule hakuhesabiwa katika kipimo hicho.

Wapo wanaopinga maelezo haya. Wanasema tatizo lilikuwa ni nani aliyebaki barabarani: watu makini na wazee walikaa nyumbani, wakabaki wasiojali. Kuna ukweli hapa, na sitaki kuukwepa. Wengi zaidi katika waliojeruhiwa vibaya walikuwa hawakufunga mikanda, na vipimo katika hospitali zinazopokea majeruhi vilionyesha pombe na bangi kuongezeka miongoni mwa madereva. Lakini hoja hiyo inaishia njiani. Mwaka 2021 watu makini walirudi kazini, wakapeleka watoto shule, barabara zikajaa tena. Vifo havikurudi chini. Vilipanda hadi karibu 43,000, idadi ambayo Marekani ilikuwa haijaifikia tangu mwaka 2005. Tabia iliyozaliwa kwenye barabara nyeupe ilikuwa imeshaota mizizi.

Tena kuna nchi ambazo nazo ziliwataka watu wakae ndani na mambo yakaenda kinyume. Katika Umoja wa Ulaya waliokufa barabarani mwaka 2020 walikuwa 18,800 hivi, pungufu ya asilimia 17 ukilinganisha na 2019. Ujerumani, ambayo bado ina sehemu za barabara kuu zisizo na kikomo chochote cha mwendo, ilihesabu vifo 2,719, idadi ndogo kuliko mwaka wowote uliotangulia tangu takwimu hizo zianze kuwekwa zaidi ya miaka 60 nyuma. Japani ilishuka hadi 2,839. Si kwamba wendawazimu walikosekana huko. Polisi wa London walimnasa mtu mmoja akienda maili 163 kwa saa kwenye barabara ya M1, yaani zaidi ya kilomita 260. Lakini Uingereza nayo ilimaliza mwaka ikiwa na vifo pungufu kwa asilimia 17 hivi. Mwendawazimu mmoja hawezi kupandisha takwimu za nchi nzima. Zinapandishwa na watu wa kawaida wanaoongeza kilomita 20 kwa sababu hakuna kinachowazuia, na katika miji mingi ya Ulaya kilichowazuia hakikuondoka na foleni: mitaa myembamba, vivuko vilivyoinuliwa, maeneo ya kilomita 30, kamera zisizolala.

Kuna jambo jingine ambalo neno "tupu" linalificha. Barabara za 2020 hazikuwa tupu. Zilikuwa na nesi anayetoka zamu ya usiku macho yakiwa mazito, dereva wa lori la dawa na chakula, mfagiaji, mlinzi, kijana wa baiskeli anayepeleka chakula kwa waliojifungia. Hawa ndio waliobaki nje, na hawakubaki kwa kupenda. Makadirio ya awali ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani yalionyesha kwamba vifo vya Wamarekani weusi barabarani mwaka ule vilipanda kwa asilimia 23, zaidi ya mara tatu ya ongezeko la nchi nzima. Watu wale wale waliokuwa wakifa kwa korona kwa wingi kuliko wengine, kwa sababu kazi zao haziwezi kufanyika kwa kompyuta sebuleni, ndio waliogongwa kwa wingi zaidi walipokuwa wakienda kwenye kazi hizo.

Na nafasi ile ya barabara ililipiwa. Ililipiwa na wenye maduka waliofunga, na vibarua waliokosa ujira, na watoto waliokosa mwaka wa shule, na familia zilizoaga wazazi wao kwa simu. Watu walikubali kuyabeba hayo yote ili hospitali zisizidiwe. Aliyeichukua nafasi hiyo ili aende kilomita 160 kwa saa aliwaibia, na nachagua neno hili nikiwa na maana yake kamili. Majeruhi wa ajali ya mwendo mkubwa anahitaji kitanda cha wagonjwa mahututi, mashine ya kupumulia, chumba cha upasuaji na damu. Hivyo ndivyo vitu vilivyokuwa haba kuliko vyote Aprili ile. Damu hasa. Marekani ilifuta maelfu ya shughuli za kuchangia damu mwezi Machi kwa sababu ya mikusanyiko. Kwetu Kenya na Tanzania, ambako wanafunzi wa sekondari ni sehemu kubwa ya wachangiaji, shule zilipofungwa Machi 2020 na chanzo hicho kilifungwa nazo.

Nimefika kwetu, nami sitapita haraka, maana korona ya barabarani ya Kenya ilikuwa na sura yake.

Machi 27, 2020 Kenya ilianza kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Jioni ile ile ya kwanza, huko Likoni, Mombasa, mamia ya watu waliokuwa wamepanga foleni kuwahi feri walipigwa virungu na kurushiwa mabomu ya machozi na polisi, na saa ya kafyu ilikuwa bado haijafika. Tukio hilo lilifundisha nchi nzima somo moja: ukichelewa utaumia. Serikali ilidhani imeondoa watu barabarani. Kumbe ilichukua safari zote za jioni ikazibana katika saa moja ya mwisho, kisha ikaweka rungu mwishoni mwa saa hiyo.

Mfikirie dereva wa matatu katika hali ile. Gari la abiria 14 liliamriwa kubeba 8. Mwenye gari bado anataka hesabu yake. Nauli imepanda lakini haifidii viti vilivyoachwa wazi, na siku ya kazi imekatwa masaa kadhaa. Njia pekee ya kufikisha hesabu ni kuongeza mizunguko, na njia pekee ya kuongeza mizunguko ni mwendo. Ndani ya gari abiria nao wanamhimiza, kwa sababu kila mmoja anaona saa na anakumbuka virungu. Saa moja ikishapita, barabara inabakia na malori na walio na vibali, giza limeingia, hakuna macho. Kwa hiyo nchi ilipata madhara ya aina mbili kwa siku moja: msukumo wa kabla ya kafyu na uwazi wa baada yake.

Takwimu za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Kenya, zinaendana na picha hiyo. Mwaka 2019 Kenya ilipoteza watu wapatao 3,600 barabarani. Mwaka 2020, mwaka ambao Nairobi ilizungushiwa vizuizi kwa miezi mitatu na watu wakazuiwa kutoka usiku, idadi ilikaribia 4,000. Mwaka 2021, kafyu ikiwa bado ipo hadi Oktoba, ilipita 4,500. Sidai kwamba kafyu ndiyo iliyoua wote hao. Pikipiki zimeongezeka, na mambo mengine mengi yapo. Ninachosema ni kwamba amri iliyotolewa kuokoa maisha haikuwa na hata mstari mmoja kuhusu mwendo, na vyombo vilivyopewa kazi ya kuisimamia viliangalia saa badala ya kipima mwendo. Aprili 17, 2021 polisi walifunga barabara ya Thika kuwakomesha waliochelewa, na magari ya wagonjwa yakakwama katikati ya msongamano walioutengeneza wenyewe.

Hapa ndipo naona kasoro yetu kubwa, na wala haiko Kenya peke yake. Sisi tunasimamia mwendo kwa kumvizia dereva. Dereva wa basi la Dar kwenda Arusha anajua tochi ya polisi ya kupimia mwendo ilipo kabla hajaiona, kwa sababu mwenzake anayetoka mbele amempigia taa. Atapunguza hadi 50 kijijini, ataipita tochi, kisha atafidia muda wake mbele. Usimamizi wa namna hii unahitaji askari awe amesimama pale. Janga likija, askari ana kazi nyingine. Ndivyo ilivyokuwa Marekani: idara nyingi za polisi ziliwaagiza askari wapunguze kusimamisha magari kwa makosa madogo ili wasiambukizwe, na madereva walilijua hilo ndani ya siku chache.

Kamera haiambukizwi, haiombi kitu kidogo, haimchagui dereva kwa rangi wala kwa ukubwa wa gari. Lakini hata kamera inafuata ilivyopangwa. Zile za New York, pamoja na wingi wa makosa zilizoyanasa, kisheria zilifanya kazi siku za wiki tu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku. Ilichukua hadi Agosti 2022 ndipo zikaruhusiwa kufanya kazi saa 24 kila siku. Zaidi ya miaka miwili, jiji lenye kamera nyingi liliziacha gizani usiku na mwisho wa wiki, wakati mwendo ulipokuwa mbaya zaidi. Tanzania kwa upande wake ilikuwa tayari na kitu kizuri mikononi, ule mfumo wa LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, unaofuatilia mabasi ya masafa marefu na kutoa taarifa yanapozidi mwendo. Mfumo kama huo haujali kama barabara imejaa au iko wazi, na ndiyo sababu wanaouchezea wanapaswa kuadhibiwa kwa uzito kuliko aliyepitiliza kidogo mbele ya tochi.

Februari 2020, wiki chache tu kabla dunia haijafunga milango, wajumbe wa nchi zaidi ya 100 walikutana Stockholm wakakubaliana kwamba pale watembea kwa miguu na magari wanapochangamana, kikomo kiwe kilomita 30 kwa saa. Kisha janga likawapa majiji yao yakiwa na nafasi ya kujaribu. Wachache walijaribu. Brussels iliamua kwamba kuanzia Mei 2020 katikati ya jiji magari yasizidi kilomita 20 kwa saa na wanaotembea wapewe kipaumbele njia nzima, ili watu wapate nafasi ya kuachana mita moja na nusu. Januari 2021 mkoa mzima wa Brussels ukawa wa kilomita 30, isipokuwa barabara kubwa zilizotajwa. Waliona uwazi wa barabara kama kitu cha kugawana upya, wakaugawa kabla madereva hawajajigawia.

Sisi hatuhitaji kungoja ugonjwa mwingine. Nairobi hubaki nyeupe kila Desemba watu wanapokwenda mashambani, na tena kila uchaguzi mkuu. Dar es Salaam hivyo hivyo siku za Krismasi. Siku ambazo mji umepumua, ndizo siku ambazo Mombasa Road inageuka uwanja wa mbio na barabara za mikoani zinajaa mabasi ya safari za ziada. Tarehe zake zinajulikana mwaka mzima kabla. Hakuna sababu ya Wizara ya Uchukuzi kutoa tamko la kusikitika Januari juu ya jambo ililoweza kulipangia Oktoba.

Ningependa kuona amri yoyote ijayo ya dharura, iwe ya ugonjwa au ya usalama, ikitoka na kifungu cha barabara ndani yake. Kikomo cha mwendo kishuke siku hiyo hiyo na kisiachwe kilivyokuwa. Saa ya kafyu itanguliwe na muda ambao hakuna anayepigwa kwa kuchelewa njiani, ili dereva asiwe na sababu ya kushindana na saa. Mwenye matatu aliyepunguziwa abiria kwa amri ya serikali afidiwe, au azuiwe kudai hesabu ya gari lililojaa. Barabara pana za mjini ziwekwe vizuizi vya muda vinavyobana njia, na vivuko viinuliwe, kazi ambayo ni rahisi zaidi kufanyika wakati magari ni machache. Taarifa ya kila siku ya wizara ya afya ihesabu pia vitanda vilivyochukuliwa na majeruhi wa barabarani, ili mwananchi anayeombwa kukaa ndani ajue nani mwingine anavitumia. Kenya ilikuwa na taarifa ya namna hiyo kila alasiri mwaka 2020, ikisomwa mbele ya kamera, na nchi nzima ilisimama kuisikiliza.